Kijana Aliyefyeka Masale

Kila tarehe 27 Desemba ukoo wetu hukutana Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi, chini ya turubai la kukodi. Ratiba huandaliwa Dar es Salaam na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp wiki mbili kabla: sala, taarifa ya mweka hazina, waliotangulia mbele za haki, harambee, chakula. Kwa miaka ya karibuni imeongezwa mada ambayo haikosi, "Vijana na Mila Zetu". Anapewa mzee mmoja mwenye sauti nzito, dakika ishirini, naye huchukua saa nzima. Vijana hawajui Kichaga. Vijana hawajui majina ya mababu. Vijana hawathamini. Sisi wenye umri wa kupiga makofi tunapiga. Vijana wenyewe wako nyuma, karibu na soketi, wanachaji simu.

Safari hii nilimsikiliza mzee kwa sikio moja, kwa sababu siku mbili kabla, jioni ya Krismasi, nilikuwa nimepata somo langu.

Tulikuwa na magari matano na njia ya kuingilia nyumbani ni nyembamba. Mtoto wa kaka yangu, miaka 19, anasoma chuo Dar, alikuwa amekaa tu. Nikampa panga, nikamwambia apanue kidogo pale konani. Lazima niseme ukweli, alifanya kazi safi. Alifyeka kuanzia barabarani hadi kwenye mti wa mringaringa, akazoa uchafu wote, akaulundika kwenye mashina ya migomba bila kuambiwa. Alichokuwa amefyeka ni mstari wa masale.

Kwa msomaji asiye wa huku: isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, hauna ua wala tunda la kuvutia. Kwa Wachagga ndio mpaka kati ya kihamba na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Ndio unaopandwa kaburini. Na mtu aliyemkosea mwenzake hulichukua jani lake akaenda nalo kuomba radhi, na aliyeletewa isale hakatai. Mmea mmoja, kazi tatu. Shina la isale lililopandwa na babu halichezewi.

Upande wa pili wa ule mstari anakaa mdogo wake marehemu baba yangu. Saa kumi na moja jioni alitoka, akasimama, akaliangalia lile lundo kwenye migomba, akarudi ndani. Hakusema neno. Mzee wa Kichaga akinyamaza mpakani, jua kesi imeshafunguliwa.

Nikamwita kijana. "Unajua ulichokata?"

"Majani, ba'mdogo. Yale ya mapambo."

"Mapambo gani?"

"Si yale yanapandwa kwenye hoteli pale mjini?"

Ana haki. Pita hoteli za Moshi uhesabu mwenyewe, ndugu zake isale wamepangwa kwenye vyungu mapokezini. Kijana huyu ameliona jani hilo hotelini mara nyingi kuliko alivyoliona mkononi mwa mtu anayeomba msamaha.

Nilimwambia arudi kwenye lundo lake achague shina moja lenye majani mazima. Tukaenda wote. Kichaga hana, akasema kwa Kiswahili chake cha mjini: "Babu, nimekukosea. Nimekata mpaka, sikujua." Akampa lile isale kwa mikono miwili. Mzee alilipokea, akaligeuza geuza, akasema "Aika," kisha akamuuliza kama amekula.

Kesho yake asubuhi walikuwa mpakani wawili, na jembe moja. Isale halihitaji mche wa kununua. Kipande cha shina kikichomekwa ardhini wakati kuna unyevu hushika. Ila mzee hakukubali lichomekwe popote. Walitafuta visiki vya yaliyokatwa kimoja kimoja, na kila kisiki kilikuwa na hadithi. Hapa ndipo alipopanda babu wa babu. Hapa mpaka ulisogea hatua mbili kwa sababu ya ugomvi wa ng'ombe. Hapa ulirudi hatua moja, baada ya yule mwingine kuleta isale. Walichukua saa tatu kwa mstari usiozidi hatua arobaini. Kijana aliporudi kunywa chai alikuwa anajua majina ya mababu wanne, kwa mpangilio, pamoja na nani alimdhulumu nani.

Hakuna mada ya dakika ishirini iliyowahi kutoa matokeo hayo, na ninadhani najua sababu. Wazee wetu hawakuwahi kufundisha kitu kinachoitwa utamaduni. Walifundisha mpaka, maji, ndizi, mbuzi, kisasi na suluhu. Utamaduni ulipanda humo humo kama harufu ya moshi inavyoingia kwenye nguo za mpishi. Sasa kazi zimeondoka, tumebaki na hamu ya harufu, na tunawalaumu watoto kwamba nguo zao hazinuki.

Mafunzo ya namna hiyo ndiyo huitwa "elimu isiyo rasmi". Tuseme vizuri ni ipi, kwa sababu maofisini huchanganywa. Kisomo cha ngumbaru kwa watu wazima, au MEMKWA kwa watoto waliokosa shule, ni elimu nje ya mfumo rasmi, lakini ina mwalimu, ratiba na daftari. Ninayoizungumzia haina hata kimoja. Mwalimu Nyerere, kwenye Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto wa Kiafrika walijifunza kwa kuishi na kutenda, na kwamba kukosekana kwa majengo ya shule hakukuwa na maana kwamba hawakuelimishwa. Tunaikariri sana sehemu yake ya jembe na shamba la shule. Hiyo ya kuishi na kutenda tuliiachia nyumbani, tukiamini nyumbani pataendelea kuwapo.

Isidhaniwe kwamba mambo yalijiendea ovyo tu. Wachagga walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, na kila alama ilikuwa na fundisho lake kwa vijana waliokuwa wakiandaliwa kuwa watu wazima. Mfundishaji anashika alama, anaieleza, anahamia ya pili. Huo ni mtaala, kasoro wino. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi miaka mingi Old Moshi, aliyakusanya mafundisho hayo na yakachapishwa katika juzuu tatu kati ya 1932 na 1938. Kwa Kijerumani. Mjukuu wa watu waliofundishwa kwa mregho akitaka kusoma walichoambiwa mababu zake, aanze kwanza na sarufi ya Kijerumani. Sisemi Gutmann alikosea kuandika, maana asingeandika mengi yangepotea kabisa. Nasema tu kwamba maandishi yalihifadhi maneno. Yule mzee aliyeshika fimbo, akiangalia uso wa kijana ajue kama limemwingia, hayupo kwenye juzuu yoyote.

Turudi kwenye kazi, maana huko ndiko palipo na nyama. Chukua mfongo. Maji yanakingwa mtoni, huko juu karibu na msitu, yanateremshwa kwa mfereji unaofuata mwinamo wa mlima, hayasukumwi na kitu, hadi kwenye kihamba chako. Wageni wa Kizungu wa karne ya 19 waliiandika mifongo hii kwa mshangao. Lakini mfongo hauishi bila watu. Unaziba, unapasuka, mtu wa juu anaiba zamu ya mtu wa chini. Siku ya kuusafisha kila nyumba ilitoa mtu, na nyumba isiyotoa ililipa faini, mara nyingi mbege, pombe yetu ya ndizi. Mtoto wa miaka kumi aliyetumwa kushika zamu ya maji alfajiri alilazimika kujua ukoo gani una mfongo gani, nani anamfuata nani, na jinsi ya kumwambia mzee kwa adabu kwamba zamu yako imekwisha. Hapo pana jiografia, sheria na lugha ya heshima, na vyote vina matokeo: ukikosea, migomba ya kwenu inakauka.

Au chukua hiyo mbege yenyewe. Ndizi mbivu zinachemshwa saa nyingi hadi zinageuka rangi, zinapoozwa, zinaachwa siku kadhaa. Ulezi unaoteshwa kimea, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, ndipo unachanganywa. Kuna gome la msesewe la kutia uchungu, na hapo ndipo mikono hutofautiana. Likizidi kidogo, wageni wanakunywa kata moja ya heshima na kukumbuka ghafla kwamba wana safari. Marehemu bibi yangu hakuwa na kipimo. Alikuwa na kiganja, na alikuwa na binti pembeni anayetazama kiganja. Mkutano wetu wa Desemba sasa unanunua mbege kwa ndoo za plastiki kutoka kwa mama mmoja njiani. Ni nzuri, sina neno. Ila pale kwetu hakuna binti tena anayetazama kiganja cha mtu, halafu tunamshangaa anapoomba soda.

Zilikwenda wapi hizi kazi? Sehemu ya jibu ni njema. Bomba lilifika, na sioni sababu ya kumtamania mtoto alfajiri ya baridi mfongoni. Sehemu nyingine ni kahawa. Kwa vizazi viwili kahawa ndiyo iliyompa kijana wa Kilimanjaro sababu ya kubaki kwenye kihamba; KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianzishwa 1933, na shule nyingi za huku zilijengwa kwa jasho la mbuni. Bei ilipoanguka baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, watu wengi waling'oa. Na kihamba chenyewe kimegawanywa kwa wana, na wana wa wana, hadi vingine vimebaki uwanja wa nyumba na makaburi.

Lakini mkono mkubwa zaidi ni shule, na hapa sisi wazazi tusijifiche. Mkoa wetu unajivunia elimu na una haki ya kujivunia. Katika kujivunia huko tulifika mahali mtoto wa miaka saba anapelekwa bweni, anarudi likizo, na akirudi anapelekwa masomo ya ziada. Shule niliyompeleka binti yangu, sitaitaja, mtoto akikamatwa anaongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni. Kiswahili! Kichaga hakikuwa hata na kibao chake, kilishasahaulika kama kosa linalowezekana. Mimi nililipa ada hiyo kwa awamu nne bila kuchelewa. Mwaka 2023 serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa madarasa ya chini ya shule ya msingi, nilisikia wazazi mjini wakilalamika kwamba sasa nani atakaa nao. Swali zito hilo. Kizazi kimoja nyuma lisingeeleweka.

Kuna na uamuzi wa taifa, ambao naunga mkono huku nikihesabu gharama yake. Baada ya sensa ya 1967 hatuhesabiwi tena kwa makabila. Darasa la msingi la serikali ni Kiswahili, redio ni Kiswahili na Kiingereza. Ukitaka redio ya lugha ya kikabila vuka mpaka wa Holili usikilize za Kenya. Tuliona kwa majirani nini kinatokea kabila likigeuzwa kura, tukaliondoa jukwaani. Makala hii yenyewe ingekuwa ya Kiuru ingesomwa na watu wa kata tatu, na Wachagga wenzetu wa Rombo wangeniuliza naongea lugha gani. Ila hesabu ya uamuzi ule ilitegemea kitu kimoja: kwamba lile lililotolewa jukwaani litaendelea kuishi jikoni. Hakuna aliyepiga hesabu ya siku jiko litakapokuwa halina watoto.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. Nchi nzima leo neno "Mangi", lililokuwa cheo cha mtawala wa Kichaga, maana yake ni mwenye duka la mtaani anayekupimia sukari robo. Mangi Meli, aliyepigana na Wajerumani na kunyongwa nao Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, ambaye kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani na wazao wake wamekitafuta miaka na miaka, ana jina moja na anayekukopesha vocha. Sina ugomvi na wenye maduka, nusu ya ukoo wetu ni wao. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili litasaidia watoto wamjue Meli, na nafurahi. Sitegemei limfundishe mtu isale.

Sasa, kama kweli vijana hawathamini, mbona Materuni wanathamini? Hiyo iko Uru hii hii, mwendo mfupi kutoka kwetu. Nenda siku yoyote ya msimu utawakuta vijana wa miaka ishirini na kitu wakiwaongoza watalii kwenye maporomoko, wakitwanga kahawa kwenye kinu huku wanaimba, wakieleza migomba kwa aina zake na kila mti wa kivuli kwa jina na kazi yake. Mmoja nilimsikiliza akieleza kihamba kwa Wafaransa wawili, kwa nini mti mrefu unakaa juu, kahawa chini yake, viazi vikuu pembeni, ng'ombe zizini akitoa mbolea, kwa ufasaha ambao mzee wetu mwenye sauti nzito hana. Nikamuuliza alijifunzia wapi. "Kwa bibi," akasema. "Nilipoanza kazi nilikuwa sijui kitu, wageni wakauliza, nikaona aibu, nikaenda kumuuliza bibi." Jirani yao Shimbwe Juu iliingizwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, mwaka 2011 kwenye orodha ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa dunia, kwa hicho hicho kihamba.

Wapo wanaonung'unika kwamba hayo ni maigizo, utamaduni wa kuuza. Sehemu yake ni maigizo kweli. Hakuna bibi aliyetwanga kahawa akipiga makofi namna ile. Hata hivyo angalia kilichomrudisha yule kijana kwa bibi yake. Alikuwa na kazi ambayo haiwezekani bila bibi. Ndugu zetu Wamasai wa upande wa Arusha wanalijua hili kwa njia yao: kijana anayekwenda orpul, porini, kula nyama na wenzake na wazee, anajifunza dawa za miti kwa sababu supu iliyo mbele yake imechemshiwa magome hayo, na yeye ndiye aliyetumwa kuyaleta.

Kuna pingamizi moja ambalo silipiti juu juu, na sikulifikiria mimi. Kule mkutanoni, mzee alipomaliza, alisimama binti wa dada yangu, mwanasheria mchanga anayefanya kazi Arusha. Alishika kipaza sauti akasema ameisikia habari ya masale, ni nzuri sana, ila angependa kujua mpaka wake yeye uko wapi. Turubai zima likanyamaza. Kihamba chetu kinakwenda kwa wana wa kiume. Binti anapewa sehemu ya kupita na, akiachika, sehemu ya kujibanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilishasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Ilisema bungeni. Haikusema Uru. Na tunajua mila nyingine za huku, ukeketaji mojawapo, zilifundishwa kwa elimu hii hii isiyo rasmi, kwa mkono wa bibi huyu huyu ninayemsifu.

Sikuwa na jibu la haraka na bado silipati lililo safi. Ninachoona ni kwamba yule binti hakuwa anadharau. Aliyedharau angekuwa kule nyuma kwenye soketi. Alikuwa anaulizia fungu lake, na mtu huulizia fungu kwenye kitu anachokiona kina thamani. Tumekuwa tukidai watoto wa kike waheshimu nyumba ambayo tumewaambia tangu wakizaliwa kwamba ni ya kaka zao, halafu tunaandika mada kwa nini hawaji. Kama masale yalisogezwa hatua mbili kwa ajili ya ng'ombe, yanaweza kusogezwa kwa ajili ya binti. Mpaka huo haukushuka kutoka mbinguni. Kijana wa kaka yangu sasa anaweza kukuonyesha kila ulipohamia, na kwa nini.

Baada ya mkutano niliandika kwenye kundi pendekezo fupi: Desemba ijayo tufute mada ya vijana. Badala yake tarehe 26 asubuhi tuuzibue mfongo wa juu uliokufa, ule wa babu, vijana wapewe jembe na mzee mmoja anayejua ulipopita, na wajukuu wa kike waingizwe kwenye orodha ya zamu kwa majina yao. Mbege ipikwe nyumbani, kuanzia ndizi, na watakaoipika wafike wiki moja kabla. Walionijibu haraka walikuwa wazee, wakiuliza bajeti. Mweka hazina akauliza kama turubai bado litahitajika. Mjomba mmoja wa Mbezi akatuma kidole gumba.

Kijana wa masale hakujibu kundini. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe pembeni, saa nne usiku, akiuliza kama mvua za masika zimeanza huku na kama yale masale yameshika. Nilimwambia kati ya kumi na moja mawili yamekauka, yale ya kwenye kona. Akauliza kama babu amekasirika. Nikamwambia babu anakwenda kuyaangalia kila asubuhi, na amesema ya kuzibia akate mwenyewe akija Pasaka, achague shina la kule juu karibu na kaburi, siyo la hotelini.

Akacheka, kisha akauliza tena kama ile ya ng'ombe ilikuwa hatua mbili au tatu.